Lori jekundu la Jericho

Mama alipohama mtaa wa Jericho, Nairobi, kurudi ushago mwezi wa nne, alinikabidhi boksi moja lililofungwa kwa kamba ya katani. "Ni vyako hivyo. Wape watoto." Utoto wangu wote ulikuwa humo: soksi iliyojaa bano (gololi), gari la waya lisilo na magurudumu, dubu wa manyoya, mwanasesere wa dada yangu, na chini kabisa, ndani ya gazeti, lori jekundu la bati.

Lori hilo lina historia yake. Mama alikuwa yaya kwa Wazungu fulani Lavington, nao walipofungasha kurudi Uingereza wakamwachia vitu ambavyo watoto wao walikuwa wameshavichoka. Kwa hiyo hata mimi nililirithi. Chini ya tumbo limeandikwa England. Ploti nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa na gari lisilotengenezwa kwa waya wala mkebe wa Kimbo, na cheo hicho nilikitumia vibaya.

Sasa mimi ni fundi wa rangi, gereji moja karibu na Kirinyaga Road. Nilipoona rangi imebabuka kwenye kingo, mkono ulienda wenyewe kwenye msasa. Nipige msasa, praima, koti mbili za nyekundu, kijana wangu wa miaka saba alipate kama jipya. Nilikuwa nimeshakwangua kidogo ubavuni nilipomwona binti yangu, wa mwaka mmoja na nusu, ameketi miguuni pangu akilamba kifuniko cha sufuria. Nikasimama.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Wazee wa kazi yetu wanazisifu hadi leo: zilikauka upesi, nyekundu na manjano ziling'aa, hazikupauka juani. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo kwenye vitu vya watoto mwaka 1978, na lori langu ni la kabla ya hapo. Sijui kwa hakika limepakwa nini, lakini kwa umri wake siwezi kubahatisha. Likiachwa lilivyo, linabanduka magamba. Ukilipiga msasa mkavu, umefanya vibaya zaidi, maana vumbi linatua sakafuni na mtoto analizoa kwa vidole hadi mdomoni. Wakenya tulioifuatilia kesi ya mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ya kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, tunajua risasi hufanya nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Tena haimwangushi mtoto leo ukakimbia hospitali. Inamharibu ubongo taratibu, nawe utadhani ni mzito tu wa masomo.

Nilimpigia mama kumweleza. Akacheka.

"Wewe ulilitafuna kila siku. Ulikufa?"

"Sikufa, mama."

"Haya basi."

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, akasema labda ndiyo maana hesabu zilinishinda.

Nilipangusa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi, nikakitupa pamoja na ule msasa, nikanawa mikono mpaka viwiko. Kazini tunavaa maski kwa magari ya watu, halafu nyumbani nakwangua mezani tunapolia ugali! Lori likapanda kwenye kabati la vioo sebuleni, na ufunguo anao mke wangu.

Vingine havikunisumbua hivyo. Mwanasesere alikuwa ameanza kunata mwilini, kama mtu aliyejipaka Vaseline jana. Dawa za kulainisha plastiki hujitokeza hivyo zikizeeka, na baadhi yake Ulaya ilianza kuzizuia mwaka 1999 kwenye vitu vinavyoingia mdomoni mwa vitoto. Akaenda taka, na dada yangu bado hajaambiwa. Dubu nilimng'oa macho ya vifungo, mke wangu akamshonea mengine ya uzi mweusi, akafuliwa kwa maji moto na kuanikwa juu ya paa siku mbili. Bano nilizipima kwa ile bomba ya karatasi inayobaki tishu ya choo ikiisha: kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Zote zilipita. Soksi imerudi juu ya kabati, kijana anazichezea nje, na akirudi anazihesabu mbele yangu.

Kipima hicho kilinifanya niikague nyumba nzima. Rimoti ndogo ya redio ina betri ya duara, ile kama ya saa, na kifuniko chake hakina skrubu. Betri hiyo ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Nimekifunga kwa gundi.

Gari la waya ndilo lililoshinda. Tuliketi Jumamosi nzima na koleo, tukakunja kila ncha kuelekea ndani, tukakata magurudumu manne kwenye slipa kuukuu. Usukani wake mrefu unamfika kijana kifuani. Analiendesha koridoni ghorofa ya tatu, na jirani wa chini ameshagonga mara mbili.

Juzi mama alikuja kututembelea. Akasimama mbele ya kabati, akalitazama lori kupitia kioo, kimya.

"Mlango wa huku uko wapi?" akauliza.

Nikachungulia. Kweli, mlango wa dereva haupo, na nyuma ya tundu lake kuna alama ndogo za meno.

"Mama, si wewe ndiye ungejua?"

Akasema hakumbuki.