Berlin: shika anwani kwanza, mengine yatafuata

Kabla sijaondoka Dar es Salaam kwenda kusoma Berlin niliambiwa na wengi, "Chumba utatafuta ukishafika." Ushauri huo ni mbaya, na inaniuma kuona wadogo zetu wanaendelea kupewa. Ujerumani mambo yote yameshikana na anwani. Bila anwani huwezi kusajiliwa makazi, yaani Anmeldung. Bila cheti cha usajili, benki nyingi zinasita kukufungulia akaunti. Na bila akaunti ya kawaida, fedha zako za Sperrkonto, yaani akaunti maalumu ya viza inayokutolea fedha za kujikimu kidogo kidogo kila mwezi, hazina pa kuingilia. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi anatakiwa kuweka euro 11,904 za mwaka mzima, zinazotoka euro 992 kila mwezi; lakini mpaka mnyororo huo ukamilike, hugusi hata senti. Kwa hiyo beba mkononi fedha za pango na chakula cha miezi miwili. Mimi nilibeba kama euro 1,500, na zilihitajika.

Nilichofanya ni kutafuta Zwischenmiete nikiwa bado nyumbani: chumba cha mtu anayesafiri kwa miezi michache na kukiachia kwa muda. Swali la kwanza kumuuliza mwenye chumba, kabla ya bei na kabla ya picha, ni kama atakusainia Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa kwamba umehamia kwake, unaotakiwa wakati wa kujisajili. Ni karatasi moja tu yenye jina lake, anwani, tarehe ya kuhamia na jina lako, lakini mkataba wa pango hauchukui nafasi yake. Akisema "hapana", achana naye hata kama chumba ni rahisi. Anayedai dhamana itumwe kwanza kwa sababu yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli. Kisheria dhamana haizidi pango la miezi mitatu bila gharama za huduma, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu.

Sheria inakupa wiki mbili za kujisajili tangu kuhamia, huku miadi ya Bürgeramt, ofisi ya mji inayosajili wakazi, ikionekana imejaa kwa wiki kadhaa mbele. Usikate tamaa. Berlin unaruhusiwa kwenda ofisi yoyote ya mji, hata kama unakaa wilaya nyingine. Watu wanafuta miadi yao, na nafasi hizo zinarudi kwenye mfumo. Chagua ofisi zote kwa pamoja, fungua ukurasa asubuhi mapema, uupakie tena na tena, na ukiona nafasi ya mbali pembezoni mwa mji, kama Spandau au Marzahn, ichukue papo hapo bila kuhesabu vituo vya treni. Nenda na pasipoti, fomu iliyojazwa na ile karatasi ya mwenye chumba. Fomu inauliza dini. Jibu ukweli, ila ujue kwamba Mkatoliki au Mlutheri akianza kukatwa kodi ya mapato, Berlin anakatwa pia kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi hiyo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nami namwambia kila anayekuja: siku unayokabidhiwa funguo, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlangoni. Majengo mengi hayana namba za vyumba. Tarishi anasoma jina, asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Na kila kitu kinakuja kwa barua: kadi ya benki, namba yake ya siri katika bahasha ya peke yake, namba ya mlipakodi, kadi ya bima. Andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa chuoni. Kipande cha karatasi na selotepu vinatosha. Kama umepangishwa na mpangaji mwingine, mwambie kila anayekutumia barua aongeze "c/o" (yaani "kwa anwani ya") na jina la huyo mpangaji.

Kwenye bima ya afya, aliye chini ya miaka 30 achukue bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi. Wapo wanaosifia bima binafsi kwa unafuu wake. Wasichokwambia ni kwamba ukishaomba kuondolewa kwenye bima ya umma, hurudi tena mpaka umalize masomo.

Ukishajisajili, itakuja barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Kama mwenzako wa nyumba analipa, jibu kwa kuandika namba yake ya malipo. Ukinyamaza, deni linakua.

Usifike Jumamosi usiku, maana Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa machache ya vituo vikubwa vya treni kama Hauptbahnhof. Unga mweupe wa ugali utaupata mtaa wa Wedding kwenye maduka ya Waafrika. Mchele na tui la nazi, duka lolote la Waasia. Na ombi la kibali cha ukaazi lipeleke mapema, viza ikiwa bado na miezi ndani yake, kwa sababu miadi ya uhamiaji inachelewa kuliko ya Bürgeramt.