Programu ya stoo iliyokataa kuamka

Kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi yake nilikuwa nikipigiwa simu na mwenye duka la dawa: "Fundi, imegoma tena." Kompyuta alikuwa ameshaiwasha, lakini programu ya stoo ilibaki imelala mpaka niingie kwa mbali na kuianzisha kwa mkono. Kosa lilikuwa langu. Nilipoiweka nilitumia systemctl start, amri inayowasha huduma (programu inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia) papo hapo tu, nikasahau systemctl enable, ambayo ndiyo huweka kiungo cha kuiwasha kila mashine inapoanza upya.

Mashine hiyo inatumia Debian, aina mojawapo ya Linux, ambayo tangu toleo la 8 la mwaka 2015 huanzisha huduma zake kwa systemd, msimamizi wa huduma anayeendeshwa kwa amri hizo za systemctl. Kuieleza systemd huduma yako, faili moja fupi ndani ya /etc/systemd/system linatosha: ExecStart yenye njia kamili ya programu, User ya mtumiaji asiye root (yule mwenye mamlaka yote), na WantedBy=multi-user.target, yaani huduma iwashwe mashine inapoanza kwa kawaida, chini ya [Install], ambayo isipokuwepo enable haina pa kushika.

Nikaamini nimemaliza. Umeme ulipokatika tena, simu ikaita kama kawaida. Nilipoandika journalctl -u stoo -b, amri ya kusoma kumbukumbu za huduma hiyo tangu mashine ilipowaka, niliona kuwa programu ilikuwa imeamka mapema mno, ikaikuta PostgreSQL, hifadhidata inayotunza data yake, haijawa tayari, ikaanguka, ikarudia hivyo hivyo hadi mara ya tano, yote karibu ndani ya sekunde moja. Restart=on-failure niliyoiweka ili huduma iwashwe tena ikianguka, isipopewa RestartSec, husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na huduma iliyokwisha kuanza mara 5 ndani ya sekunde 10 systemd haiiwashi tena. Nikaweka RestartSec=5, kisha After=postgresql.service pamoja na Wants=postgresql.service, kwa sababu After hupanga foleni tu, haimwiti asiyekuwepo; anayemwita ni Wants.

Lililobaki halikuhusu Linux hata kidogo. Katika mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Linux, mashine iliamriwa ibaki imezimika umeme ukirudi, nami nikaibadilisha ili ijiwashe yenyewe. Baada ya kuchukua nakala ya data, maana sipendi kubahatisha na stoo ya mtu, nilimwomba mwenye duka achomoe waya ukutani, ahesabu hadi thelathini, kisha aurudishe. Ukurasa wa stoo ulifunguka kwenye simu yake kabla hajagusa kitufe chochote.