Sumni ya Bibi

Siku chache baada ya arobaini ya Babu, pale Pangani mwaka 1974, wanaume walikaa barazani kugawa mirathi. Nilikuwa na miaka 7, kazi yangu kupeleka kahawa. Bibi alikuwa ndani, yumo edani, pazia limeshushwa, anasikia kila neno.

Sheikh akasema, "Marehemu ameacha watoto, kwa hiyo fungu la mke ni thumuni."

Nikasimama na dele mkononi. Mimi nikasikia sumni, na sumni nilikuwa nayo mfukoni: senti hamsini, Mwalimu Nyerere upande mmoja, sungura upande wa pili. Kwangu ilikuwa hela ya kashata. Bibi, aliyezeeka na Babu nyumba moja, aliyemsukia makuti na kumkunia nazi, ndiyo apewe sumni?

Niliweka dele chini, nikapenya pazia, nikamtilia yangu kiganjani. "Chukua na hii, Bibi. Ziwe mbili."

Hakucheka. Alinikumbata, kisha akapaza sauti: "Sheikh, tafadhali mfahamishe mjukuu wangu."

Sheikh akaagiza mkate wa kumimina. Akaukata kati, kila kipande akakikata kati tena, na tena. Vikawa vipande 8. Akanipa kimoja. "Hiki ndicho thumuni, neno la Kiarabu. Babu yako ameacha minazi arobaini na minane. Sita ni ya bibi yako."

"Mbona shilingi ina sumni mbili tu?"

Hapo akajibu mzee mmoja aliyewahi kuuza nazi mbata, na sijasikia tena mtu akilieleza vizuri kama yeye. Ile haikuwa thumuni ya shilingi, ilikuwa ya riale: ile ya fedha, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, iliyozunguka pwani nzima enzi za masultani. Watu waliihesabu kwa rupia 2. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, rupia ikawa shilingi 2, riale ikawa sawa na shilingi 4. Zigawe kwa nane, unapata senti 50. Riale ikatoweka madukani, fungu lake likabaki na jina.

Bibi hakunirudishia sumni yangu. Aliifunga pindoni mwa nguo yake, ikakaa humo hadi eda ilipokwisha. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno, akanunua kashata mbili, tukaenda shambani kuitazama minazi yake sita.