Mita ya joto na LUKU ya wapangaji

Nipo Mtwara likizo, na mjomba wangu wa Chikongola hataki habari za theluji. Anataka habari za bili. Nilipomwambia Ujerumani tunalipia joto la ndani, aliguna: "Joto nalo lina mita?"

Lina, mjomba, ila si kama LUKU. Jengo tunalopanga lina boila moja chini. Maji ya moto hupanda kwa mabomba hadi kwenye hita za chuma vyumbani. Kila hita imefungwa kidude cheupe kinachoenea kiganjani. Kina vihisio viwili, kimoja cha joto la hita, kingine cha joto la chumba, na tofauti ya hayo mawili ndiyo inayohesabiwa. Kwenye kioo chake utaona namba kavu, si uniti. Ni alama za mgawo tu: gharama ya jengo zima inapigwa hesabu mara moja kwa mwaka, asilimia 50 hadi 70 inagawanywa kwa alama hizo, iliyobaki kwa ukubwa wa makazi ya kila mmoja. Kwa hiyo hata ukizima hita zote, hukwepi kulipa.

Zamani msomaji alikuwa anagonga mlango, nawe umeomba ruhusa kazini kumsubiri. Siku hizi kidude kinarusha namba kwa redio, kwa betri yake, bila kugusa intaneti yako. Vya zamani vimepewa mwisho wa 2026 viwe vimebadilishwa. Na tangu 2022, penye vya redio mpangaji anatakiwa apewe taarifa ya matumizi kila mwezi. Yangu inakuja, lakini hela kamili naijua mwaka ukishapita, wakati joto lenyewe nimeshalisahau. Hapo LUKU inawashinda mbali: umeingiza tokeni, unaona uniti zinavyoshuka.

Mjomba alikuwa ameshahamia kwenye mambo ya kwake. Ana vyumba vya kupangisha, LUKU moja, na kila ikikata ni kelele: mwenye friji anachanga sawa na mwenye taa moja. "Kumbe Wazungu nao wanagombea mchango!"

Ule mgawo wa sehemu mbili ndio uliomkaa. Taa za uani na pampu ya maji wachange sawa, vya ndani kila mtu na sabmita yake. Jioni akawaita wapangaji wote. Walikubali, isipokuwa wa friji, aliyeuliza kwanza hizo sabmita ananunua nani.