"Mama, mi sijui mpira"

Juzi jioni binti yangu wa miaka 9 karudi kucheza mapema kuliko kaka zake, kavua ndala mlangoni kajikalia kimya. Namuuliza vipi tena, ananijibu "mama, mi sijui mpira." Nani kakwambia? Hakuna aliyemwambia. Ila kwenye chandimu pale mtaani wakubwa wawili ndo wanachagua, huyu wangu, huyu wako, na yeye kila siku anabaki wa mwisho halafu anapelekwa golini kwa sababu hakuna anayetaka kukaa golini. Mtoto ndo anavyojipima hivyo jamani, hasubiri ripoti ya shule, anahesabu tu kaitwa wa ngapi.

Nikamwambia unaweza mwanangu, we jitahidi tu. Wala hakuniangalia. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika hili tangu 1977, kwamba mtu anaamini anakiweza kitu kwanza kwa sababu alishawahi kukifanya kikakubali, halafu kwa kumwona anayefanana naye akikifanya, haya maneno yetu ya kutia moyo peke yake hayafiki mbali. Ndo maana natamani angekuwa mkubwa kidogo 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana Tanzania, walivyoifunga Ufaransa 2-1 kule India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, mpaka wakaingia robo fainali.

Halafu kuna suala la umri ambalo watoto wenyewe hawalijui. Hao wanaochagua wana miaka 11, 12, miguu mirefu, lazima wamzidi. Hata wa darasa moja wanapishana miezi mingi, Canada watafiti waliliona kwenye hoki ya barafu tangu miaka ya 1980, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ndo walijaa kwenye timu kwa sababu mwaka wa kuchaguliwa unaanza Januari. Mwanangu ni wa Novemba. Anazidiwa umri yeye anadhani kanyimwa kipaji, na mtoto akishaamini hivyo anaacha kucheza, na asipocheza kweli hatojua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba huyu huyu kwenye rede hawamuwezi. Nimemwangalia mara nyingi, yuko kati anajaza mchanga kwenye chupa, mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji yeye keshainama, unapita juu ya kichwa, anarudi kwenye chupa yake kama hakuna kilichotokea. Kusoma mpira ndo huko, na kipa anahitaji nini zaidi ya hapo? Ila golini alipelekwa kama adhabu, hajawahi hata kufikiria kwamba ni kazi moja.

Basi jana nikaacha mboga jikoni, tukapanga ndala mbili uani, nikamwambia leo tunacheza rede ila usikwepe, udake. Wa kwanza ukampita. Wa pili ukamgonga kifuani. Wa tatu akaudaka, akaubana na mikono yote miwili akacheka, nikarusha tena na tena mpaka bega likaanza kuuma, na kwenye kumi za mwisho alidaka saba. Nikadhani amechoka.

"Mama rudi nyuma kidogo, unarusha karibu mno."