Lupita na Oscar ya 2020

Leo kazini tumebishana mpaka chai ikapoa. Ubishi wenyewe: Oscar ya 2020, mwigizaji bora wa kike.

Mwenzangu anasema Renée Zellweger alistahili ushindi kwa filamu ya Judy. Sawa, hapo sina neno.

Lakini Lupita Nyong'o hata kuteuliwa hakuteuliwa! Kwenye Us, ile filamu ya kutisha, alicheza watu wawili, Adelaide na Red, na wakosoaji wa filamu wa New York walikuwa wameshampa tuzo yao.

Nikawawekea kipande Red anapoanza kuongea. Ile sauti ya kukwaruza, kama koo limesahau kazi yake. Dada wa mapokezi akajishika shingo.

Bado inaniuma, jamani. Filamu za kutisha zinabaniwa mno.

Nyie mngemtoa nani kati ya wale watano walioteuliwa ili Lupita aingie?