Samaki wa Julai na samaki wa Januari

Jumamosi, katikati ya Januari. Nimeingia nyumbani saa nane mchana na vidole bado havijapata joto. Leo nimemshika straipa mkubwa kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwangu, nikamrudisha majini. Nataka kuiandika siku hii ingali mbichi, ila siwezi kuiandika bila ile ya Julai, ambayo sikuwa nimemsimulia mtu hadi leo.

Kwa asiyemjua: straipa ni samaki wa rangi ya fedha, ana mistari saba au minane myeusi inayotoka nyuma ya shavu hadi mkiani, kama mtu kaichora kwa rula. Asili yake ni Bahari ya Atlantiki, na hupanda mito kutaga. Huku Tennessee mashariki ninakoishi hakuna bahari, ni milima na mabwawa tu, kwa hiyo aliletwa. Kisa kilianzia South Carolina. Mwaka 1941 mto Santee ulipozibwa kwa bwawa, kizazi cha straipa kikabaki upande wa juu, na baadaye watu wakagundua kwamba wanaishi na kuzaana kule kule bila kuonja chumvi. Miaka ya 1960 wataalamu wa kituo cha Moncks Corner wakajifunza kumdunga jike homoni ili atoe mayai, na tangu hapo vifaranga vikasafirishwa kwa malori hadi mabwawa ya majimbo mengi. Bwawani kwetu hawazaliani. Yai la straipa lazima lielee kwenye mkondo kwa kama siku mbili kabla ya kuanguliwa. Likitua kwenye tope, limekufa. Kila straipa ninayemvua alimwagwa humu akiwa na urefu wa kidole, akapona, akakua.

Hilo nililijua Julai. Ndiyo maana samaki wa siku ile nilimwachia aende.

Tulikuwa Norris, bwawa la kwanza kujengwa na TVA, shirika la serikali la mabwawa na umeme, lililokamilika mwaka 1936 kwenye mto Clinch. Niko na mzee mmoja tuliyefanya kazi pamoja ghalani, boti ni yake na mafundisho yote ni yake. Maji ya juu yalikuwa nyuzi 29 za Selsiasi. Chambo chetu kilikuwa mita kumi na mbili chini. Fimbo ikapinda hadi ncha ikagusa maji, rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikalia, na kwa dakika kama kumi nikawa navutana na mtu nisiyemwona. Alipofika juu, kilo kumi na mbili hivi, nilimnyanyua, tukapiga picha, tukapiga nyingine kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu, kisha nikamshika mdomo wa chini na kumtembeza majini taratibu mpaka akapiga mkia akazama. Nilijisikia mtu mwema. Kule kwetu Kigoma hakuna anayemrudisha samaki wa ukubwa ule, na mimi nilijiona nimejifunza ustaarabu mpya.

Kesho yake alfajiri tulirudi pale pale tunaposhushia boti. Alikuwa ameegemea mawe, tumbo juu, ndege wameshamtoboa jicho. Nilimtambua kwa pezi la mkia lililokuwa na pengo upande wa chini. Mzee alimtazama, akanitazama, akaendelea kufungua kamba za boti. Siku ile nzima hatukuzungumza sana.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma, na jibu lilikuwa karibu na nyumbani kuliko nilivyodhani. Mji wa Oak Ridge uko mwendo mfupi kutoka hapa, na katika maabara yake ya taifa mwanasayansi Charles Coutant alifuatilia straipa kwa miaka mingi, wengine wakiwa wamewekewa vyombo vinavyorusha habari za joto la maji. Mwaka 1985 alichapisha maelezo ambayo wavuvi wa huku wanaendelea kuyazungumzia. Straipa mdogo anavumilia joto, mkubwa havumilii. Anapenda maji ya nyuzi kama 18 hadi 25. Kiangazi bwawa linajipanga matabaka. Juu kuna hewa lakini maji yanachemka. Chini kuna ubaridi lakini hewa imeisha, imeliwa na majani na uchafu unaooza. Samaki mkubwa anabaki amebanwa katikati, kwenye ukanda mwembamba, na kadiri Agosti inavyokaribia ukanda unazidi kuwa mwembamba. Mimi nilimtoa mle ndani ya ukanda wake, nikampigisha mbio mpaka misuli ikajaa asidi, nikampandisha kwenye maji ya moto asiyoyavumilia, nikamtoa nje apigwe picha mbili. Kisha nikamwambia nenda.

Niliposoma habari za matabaka nilikumbuka Tanganyika. Watoto wa Kibirizi tulikuwa tukiambiwa kwamba ziwa letu halina mwisho, na kweli lina kina cha mita 1,470. Lakini samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu tu, maana kuanzia kama mita mia moja au mia mbili kwenda chini hakuna hewa kabisa. Ziwa lenye kina kiasi kile, na nafasi ya kupumua ni utando wa juu! Sangala na mgebuka wanawafukuza dagaa humo humo. Na hapa straipa anawafukuza shadi, ambao ni jamii moja na dagaa wetu. Nilijua kabla ya kuambiwa, mara ya kwanza nilipowashika na magamba yakabanduka yakanata viganjani kama ya dagaa wa mama.

Basi leo. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Melton Hill, bwawa lililo chini ya Norris kwenye mto ule ule. Zamani majira haya kila mtu alikwenda Bull Run, kwa sababu mtambo wa umeme wa makaa ulikuwa ukitema maji ya uvuguvugu, shadi wakakusanyika hapo kuota moto na straipa wakawafuata. Mtambo ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2023. Mzee bado anaupita kwa boti polepole, anageuza shingo kuuangalia. Mwaka 2013, Alabama, katika mto Black Warrior, karibu na mtambo wa namna hiyo, alivuliwa straipa wa kilo 31 na nusu, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote waliovuliwa katika maji yaliyotengwa na bahari. Mzee anaitaja habari hiyo kila Januari, na kila Januari namsikiliza.

Alirusha kimia gizani, mara nne, tukapata shadi kumi na moja wa urefu wa kiganja na nusu. Pipa lao lazima liwe la duara, maana wakipata kona wanajisonga humo na kuchubuka pua. Na maji hutiwa chumvi kidogo na kupulizwa hewa muda wote. Ndoana tunazotumia sasa ni zile zilizopinda kurudi ndani, zinazoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Tulianza kuzitumia baada ya Julai. Mzee ndiye aliyezileta, bila kusema kwa nini.

Straipa akakamata chambo saa tatu na nusu. Maji yalikuwa nyuzi 8. Sikumchezea, nilivuta kwa nguvu zote ambazo mshipi uliruhusu ili asichoke sana. Tukamweka kwenye wavu, wavu ukabaki majini. Hatukumtundika kwenye mizani, maana uzito wake mwenyewe ungemvuta na kumuumiza. Mzee alipima kwa utepe, urefu inchi 42, mzunguko wa tumbo inchi 26, akazidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, akagawanya kwa 800. Paundi 35, yaani kilo kumi na sita. Wakubwa kiasi hicho karibu wote ni majike. Nilimnyanyua mara moja, mkono mmoja chini ya tumbo, nikashikilia pumzi yangu. Nilipohitaji kuvuta nyingine, nikamrudisha. Aliondoka kabla sijafungua vidole.

Picha ni moja, imekaa upande. Nikamtumia mama, kisha nikapiga. Kigoma ilikuwa saa nne usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni sangala?"

"Ni kama sangala. Anakula dagaa."

"Mkubwa huyu. Mmegawana vipi?"

"Nimemrudisha majini, mama."

Akanyamaza. Mama yangu ameuza dagaa na migebuka tangu sijazaliwa. "Walipotufungia ziwa mwaka ule wa 2024," alisema, "nilikaa miezi mitatu bila biashara na sikulalamika. Samaki wakue. Lakini huyo wako alishafika mkononi."

Nilimweleza habari ya vifaranga vya kuletwa kwa lori, na kwamba mtu mwingine atamwona tena, pengine mtoto. Alisikiliza. Akauliza, "Na ukimrudisha anaishi kweli?"

"Maji yakiwa baridi, wengi wanaishi."

"Na yakiwa ya moto?"

Hapo ndipo nikamsimulia yule wa Julai, picha mbili, pengo la mkiani, ndege. Nikamwambia kwamba kiangazi kijacho sitashusha ndoana kule chini isipokuwa siku ninayotaka kitoweo, na wa kwanza nitakayempata ndiye nitakayekula, kisha nitafunga fimbo.

"Alikuwa na kilo ngapi?"

"Kama kumi na mbili."

"Watu ishirini," alisema mama, bila ukali. Kisha akauliza kama tulimfukia, nami nikasema hapana, tulimwacha pale pale kwenye mawe.